Namba Iliyo Kwenye Sabuni

Mashine ilikuwa imekwisha kuvikataa vidole tisa vya Emelyne, na watu waliokaa nyuma yake walianza kuguna.

Ilikuwa asubuhi, ndani ya duka la huduma kwa wateja la mtandao mmoja wa simu, karibu na soko la Mpanda. Duka lile halikosi watu. Wapo ambao kifurushi kimeisha kabla hawajakitumia, wapo waliosahau namba ya siri, na wapo wanaokatwa salio kila wiki kwa ajili ya nyimbo za miito ambazo hawakuziomba. Wote hukaa kwenye viti vya plastiki na vikaratasi vya foleni mkononi, huku feni ikizungusha joto.

"Weka dole gumba tena," alisema Joséline, mhudumu mwenye fulana ya kampuni na kucha ndefu za zambarau.

Emelyne alifuta dole kwenye kitenge chake, akaliweka. Mashine ikalia kwa kukataa.

"Dada, unafanya kazi gani?"

"Natengeneza sabuni ya mawese."

"Basi ndo hiyo kostiki, hayo magadi makali, imekula vidole. Hapa hamna alama, ni ngozi tu. Kaa mwezi hivi bila kupika sabuni, halafu urudi."

"Mwezi mzima nile nini?"

Swali hilo halikuwamo kwenye mafunzo ya Joséline. Mpaka juzi Emelyne alikuwa akitumia laini ya shangazi yake, kisha shangazi akahamia Kigoma pamoja na laini yake, na sasa Emelyne alihitaji kusajili laini mpya. Kitambulisho cha taifa anacho, cha kwake mwenyewe. Kidole ndicho kilichokosekana.

"Chukueni cha kwangu," ilisema sauti nyuma yake.

Aliifahamu sauti hiyo kabla hajageuka. Ilikuwa ikiingia nyumbani kwake Shanwe kila Jumanne na Alhamisi saa nne asubuhi, ikisoma habari za teknolojia kwenye kipindi cha *Saa ya Mtandao*: simu zinazokunjwa, magari yasiyo na dereva, roboti zinazomenya machungwa. Mwenye sauti alikuwa kijana mrefu, shati jeupe lililonyooshwa pasi mpaka mikono ikasimama, viatu vyekundu kwa vumbi la Mpanda.

"We ndo Abednego wa redio?"

"Ndo mimi."

"Nilidhani una kitambi."

Watu wa foleni walicheka. Abednego alicheka pia, kisha akakumbuka kwamba yeye mwenyewe amekuja kulalamika juu ya bando lake lililoyeyuka, na kwamba juzi tu alikuwa hewani akiwafundisha wasikilizaji namna ya kuzuia bando lisiyeyuke. Akakificha kikaratasi chake cha foleni mfukoni.

"Kaka, laini ikisajiliwa kwa kidole chako ni ya kwako," Joséline alionya. "Jina lako, dhamana yako. Huyu dada unamjua?"

"Namjua kuanzia sasa hivi."

Akaweka dole gumba. Mashine ikaitikia mara moja, bila hata kujivuta.

Usishangae. Katika miji yetu hii watu hupeana vidole kama wanavyopeana chumvi. Mwenye nyumba humsajilia mpangaji, dada humsajilia shemeji, na hakuna anayeona ajabu mpaka mambo yaharibike.

Mambo hayakuharibika upesi. Kwanza yalinoga. Abednego alikuwa wa kwanza kupiga namba hiyo, jioni ile ile.

"Haloo, naongea na nani?" aliuliza.

"Kwani mwenye laini ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi unaongea na wewe mwenyewe. Usiku mwema, kaka Abednego."

Akakata. Abednego akapiga tena, na kesho yake akapiga tena, mpaka "kaka" ikadondoka njiani na jina likafupika likawa Abed. Naye Abednego akawa anamwita Emelyne Mama Povu. Jumapili alimpeleka kula chipsi mayai karibu na stesheni ya treni. Emelyne alikuja na gauni la bluu lenye mshipi mweupe, nywele kazisuka mistari myembamba, mikono kaificha mapajani kwa sababu ya vidole vyake vilivyochubuka.

"Lete mkono," Abednego alisema.

"Una nini na mikono yangu? Mkwaruzo tu huo."

"Lete, Mama Povu. Watu wanapeana maua, mimi nilikupa kidole. Angalau nikione ulichonacho wewe."

Alimpa mkono, na walikaa hivyo mpaka chipsi zikapoa. Emelyne alimpenda, na alijua kwamba amempenda. Kitu hicho hakikuwa na utata wowote.

Biashara nayo ilimkubali. Alimpa fundi seremala kipande cha mninga, akamchongea muhuri wenye namba ya simu. Kila alipomwaga sabuni kwenye fremu ikaganda, akaikata kwa waya, aligonga muhuri huo juu ya kila kipande. Vipande vikapanda mabasi na bodaboda, vikafika Majimoto, vikafika Usevya, na watu wasiojua sura yake wala jina lake wakawa wanapiga namba iliyo kwenye sabuni. Kwa wateja hao namba ndiyo ilikuwa Emelyne mwenyewe.

Kisha baba yake, mzee Celestin, akapiga simu kutoka Katumba.

"Emelyne, nimetaka kukutumia nauli uje kutusalimia. Simu imeniletea jina la Abednego Kashinje. Huyo ni nani?"

"Ni laini tu, baba. Kidole ni cha kwake."

"Kidole chake kinafanya nini kwako? Mimi sijaona mtu kuja hapa *gufata irembo*. Lango langu halijashikwa, na jina lake tayari limekaa mahali pa jina lako?"

Kwa watu wa Katumba, ambao wazee wao wengi walitoka Burundi, kushika lango si jambo la mzaha. Watu wa mwanamume hufika mchana, na vinywaji vyao, wakaketi, wakaomba. Kabla ya hapo mwanamume ni mpita njia.

Emelyne alimweleza Abednego jambo hilo pale pale penye chipsi. Abednego alikuwa na furaha siku hiyo, na mtu mwenye furaha huwa hachagui maneno.

"Mwambie baba watu wangu watakuja. Haraka ya nini? Kwanza we tayari uko kwa jina langu."

Akacheka. Emelyne hakucheka.

"Rudia."

"Natania bwana, mpenzi."

"Abed, baba yangu amezeeka Katumba akisubiri jina lake liandikwe kwenye karatasi ya nchi hii. Lilipoandikwa alikaa chini akalia, mimi nikimwona. Sasa mimi niliyekuta jina langu lipo, unaniambia nimeingia chini ya la kwako kwa ajili ya laini ya simu?"

"Si ulikubali mwenyewe?"

"Nilikubali kidole, sha. Sikukubali kumilikiwa. Mtu akiniposa, aniombe mimi, sio laini."

"Sasa mbona unakuza mambo?"

Alisimama, akajifunga kitenge juu ya gauni. "Usinipigie. Nikitaka kuongea na wewe, nitakupigia mimi."

Wangepatana ndani ya wiki, kama wapatanavyo wapenzi wengine, kama si habari za teknolojia.

Alhamisi iliyofuata habari kubwa ilikuwa uhakiki wa laini. Matapeli walikuwa wakisajili laini kwa vitambulisho vya watu, na wananchi waliombwa kukagua kwa simu zao, na kufuta wasizozitambua. Abednego akaona asisome tu, aoneshe. Akaweka maikrofoni karibu na mdomo na simu yake karibu na maikrofoni.

Simu hiyo inahitaji kuelezwa. Mtangazaji wa simu zinazokunjwa alikuwa na simu iliyopasuka kioo kuanzia pembe moja hadi nyingine, na kioo hicho kilikuwa na maamuzi yake. Alikuwa amekusudia kukitengeneza tangu mvua za mwaka jana.

"Wasikilizaji, mimi naletewa laini tatu," alisema. "Ya kwanza ni hii ninayotumia. Ya pili, hii hapa, ilipotea Inyonga miaka hiyo. Namba hii siitambui tena. Anayeitumia simjui, wala hanihusu. Nabonyeza, naifuta. Inaniuliza kama nina hakika. Nina hakika! Kwaheri ya kuonana!"

Alibonyeza mbili. Kioo kikaandika tatu. Yeye wakati huo alikuwa akiitazama maikrofoni.

Kule Shanwe, Emelyne alikuwa anakoroga mawese na magadi, redio ikiwa juu ya ndoo. Alisikia kila neno. Alitazama simu yake, akaona vijiti vya mtandao vimepotea vyote, akaamini kwamba Inyonga ilikuwa kisingizio tu. Akapunguza sauti ya redio, akaendelea kukoroga mpaka sabuni ikashika, kwa maana sabuni ikiachwa njiani huharibika. Alipomaliza ndipo alipolia.

Jumamosi alikwenda dukani. Joséline alipekua kwenye tableti yake.

"Imefutwa na mwenyewe, dada. Kwa hiari yake."

"Inaweza kurudi?"

"Akija yeye na kidole chake. Asipokuja, ikikaa kaa kampuni inaiuza upya, anapewa mtu mwingine."

"Na namba iko kwenye sabuni zangu zote."

"Basi mwombe aje."

"Aliyesema mbele ya hadhara nzima kwamba hanijui? Simwombi."

Abednego naye alipiga namba hiyo siku ya tatu, licha ya katazo. Mwanamke wa mtandao akamwambia kwa adabu kwamba mteja hapatikani. Akaamini Emelyne amezima simu kwa ajili yake. Siku moja alifika mpaka kona ya mtaa wake Shanwe, akakumbuka "nitakupigia mimi," akageuka. Yeye alingoja simu ambayo haikuweza kupigwa, na Emelyne aliingoja hodi ambayo hangeifungulia, au ndivyo alivyojiapia.

Simu za wateja zikakatika, na sabuni zenye namba iliyokufa zikapangana ukutani. Kupika nyingine kulikuwa kujilundikia. Emelyne aliacha sufuria, akawa anaweka meza nje na kuuza kipande kimoja kimoja kwa majirani. Mwezi ukapita hivyo.

Siku ya malalamiko ya wasikilizaji ikafika. Wa kwanza alilia na bando. Wa pili alilia na ujumbe wa matapeli wa kumtaka atume hela kwenye namba asiyoijua. Wa tatu akapiga kutoka Majimoto.

"Karibu mpigaji, taja jina na tatizo lako," Abednego alisema.

"Mpigaji gani? Mimi ni mama yako."

Fundi mitambo akaziba mdomo. Bi Minza hakuwa amewahi kupiga simu redioni, lakini siku hiyo alikuwa na jambo.

"Karibu mama. Shida nini?"

"Ng'wanawane, mwanangu, wewe si ndo unajua mitandao? Kuna sabuni ya mawese tunaitumia huku. Nguo za vijana wanaotoka kuchunga inazitakatisha mara moja. Sasa zimeisha. Tunapiga namba iliyo kwenye sabuni, tunajibiwa na yule mwanamke, eti haipatikani. Majimoto nzima tunapiga, anajibu yeye. Tunauliza, huyo mwenye sabuni amekufa?"

"Mama, hebu isome hiyo namba."

"Nimebakiza kijipande, ngoja." Bi Minza akaanza kusoma tarakimu polepole. Sabuni ilikuwa imelika, akakwama zilipobaki mbili. Abednego akazimalizia yeye.

"Kumbe unaijua?"

"Naijua, mama."

"Na unajua tunateseka, na hujamwambia mwenzio awashe simu?"

Abednego alikuwa ameshika simu yake ya kioo kibovu, akaingia kwenye ile menyu ya uhakiki, safari hii akisoma. Zilikuwa laini mbili. Moja ya kwake, na nyingine ile iliyopotea Inyonga, ipo salama, haina doa. Fundi mitambo akawahi kuweka wimbo.

Alipanda bodaboda mpaka Shanwe. Emelyne alikuwa nje kwenye meza yake, kitenge cha kijani, kilemba kichwani, mikono juu ya sabuni.

"Umekuja kunitambua?" alisema.

"Emelyne, nilibonyeza mbili, ikaingia tatu."

"Na mdomo nao ulibonyezwa na nani? Simjui, wala hanihusu. Nilikuwa nasikiliza, Abed."

"Nilikuwa naisema laini ya Inyonga! Naapa. Nilifuta ya kwako nikidhani nafuta hiyo, na sikujua mpaka leo mama aliponipigia redioni."

"Hata uongo wa matapeli wa simu una nafuu kuliko huo."

Akamnyooshea simu. "Bonyeza mbili."

Aliikataa kwanza. Kisha udadisi ukamshinda, akabonyeza mbili. Ikaandika tatu. Akabonyeza tena. Tatu.

"Na nikibonyeza tano?"

"Inapiga picha."

Akabonyeza tano, na simu ikampiga picha, uso umekunjamana, kilemba kimekwenda upande. Alipambana na kicheko, kikamshinda.

"Una simu kama hii, na unasomea watu habari za simu zinazokunjwa?"

"Ndo kazi yenyewe." Kisha akaacha utani. "Lakini lile neno la kwanza halikuwa la simu. Uko kwa jina langu. Lile nililisema mimi, kwa mdomo wangu, na lilikuwa baya. Nisamehe. Nimekuwa nampigia yule mwanamke wa haipatikani kila siku."

"Anasemaje?"

"Msimamo wake haubadiliki."

Emelyne aliangalia pembeni ili Abednego asione jinsi macho yake yalivyolowa. "Twende dukani," alisema. "Namba yangu itauzwa."

Joséline aliwatazama wote wawili, akaingiza tarakimu. "Mna bahati, bado ipo. Kaka, weka dole, inarudi sasa hivi, kama zamani."

Ilikuwa rahisi hivyo. Abednego alinyanyua dole gumba, likasimama juu ya mashine. Emelyne alikuwa amekwisha kusema yote siku ile ya chipsi.

"Haiwezi kwenda kwake moja kwa moja?" Abednego aliuliza.

"Inaweza. Unaikana moja kwa moja, yeye anasajili hapa hapa. Ila mfumo haungoji. Vidole vyake vikigoma, namba inachukuliwa na kampuni, na mimi siwezi kuivuta tena. Vinginevyo iweke kwa jina lako. Ndo uhakika."

Foleni nzima ikawa inasikiliza. Abednego aliona jinsi mambo yalivyo: akiweka dole, namba imepona, wateja wa Majimoto wamepona, na Emelyne atabaki kwa jina lake. Akimwachia, huenda kila kitu kikapotea, pamoja na sababu ya mwisho ya Emelyne kumtafuta.

"Ni namba yako," alimwambia. "Amua wewe."

Emelyne aliitazama mikono yake.

"Achia," alisema.

Akaachia. Joséline akasogeza mashine haraka. Dole gumba la kulia: mlio wa kukataa. La kushoto: mlio ule ule. Mama mmoja kwenye foleni akasema, "Yesu wangu." Emelyne alifuta kidole cha shahada kwenye kitenge, akakiweka, akafumba macho.

Mashine ikakubali.

"He!" Joséline alisema. "Ulikaa bila kupika sabuni?"

"Nilikosa wa kumuuzia."

Ule mwezi uliokatisha biashara yake ndio uliomrudishia alama za vidole. Joséline akageuza tableti ili wote waone, akasoma kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika: "Emelyne Celestin."

Emelyne alilisoma jina lake mwenyewe mara kadhaa. Abednego alisimama kando, mikono mfukoni, akijaribu kufurahi, na akifurahi kweli, ila na woga ndani yake.

"Basi sasa huna haja na mimi," alisema taratibu.

Emelyne alipachika laini, akangoja vijiti vya mtandao, akapiga. Simu ikalia mfukoni mwa Abednego, hatua moja kutoka alipo. Akaitoa, akatelezesha kidole kupokea. Ikakata.

"Umenikata," alisema Emelyne.

"Sio mimi. Ongea tu, niko hapa."

"Hapana. Nilisema nitakupigia. Nakupigia."

Akapiga tena. Ikakata tena. Mama wa foleni akashauri atumie kidole kidogo, na mara ya tatu kidole kidogo kikafaulu. Abednego akaweka simu sikioni, akiwa anatazamana naye uso kwa uso.

"Haloo?"

"Haloo. Naongea na Abednego Kashinje?"

"Ndiyo. Nani mwenzangu?"

"Emelyne Celestin. Nakupigia kwa laini yangu, hakuna aliyenituma na hakuna ninachokudai. Jumapili baba yupo nyumbani Katumba. Lete watu wako mshike lango. Mama yako asikose, namletea sabuni."

Abednego alitaka kusema kitu cha redioni, kizuri. Kilichotoka kilikuwa "wabeja," shukrani ya nyumbani kwao, nayo ikatoka imevunjika katikati.

Alibonyeza kukata simu. Haikukata. Alibonyeza tena, akabonyeza kwa kidole kidogo, kioo kikagoma kabisa. Wakatoka dukani hivyo hivyo, wameshikana mikono, simu zote mbili zikiwa hewani na muda wa maongezi ukiliwa, na hakuna aliyelalamika.